Je, haki ya mtu ingekuwepo lau kama Mungu hayupo?

Makala yetu ya leo imezaliwa na swali tuliloulizwa barazani, baada ya Sala ya Ijumaa, na kijana mmoja anayesoma chuo kikuu.

Kijana huyo alisema kwamba mmoja wa walimu wake haamini kuwepo kwa Mungu, naye hafichi jambo hilo. Hata hivyo ni mtu mkweli, hapokei rushwa wala hampendelei mwanafunzi yeyote katika mitihani, na amewahi kumlipia ada mtoto wa maskini bila ya kutaka ajulikane. "Basi mashekhe zangu," akauliza, "mtu huyu wema wake ameutoa wapi? Na kama mtu anaweza kuwa mwema bila ya Mungu, tutasemaje kwamba wema unatoka kwa Mungu?"

Mzee mmoja alimjibu pale pale kwamba asiyemcha Mungu hana haya, na kwamba wema wa mtu wa namna hiyo ni wa kujionyesha. Kijana hakubisha, kwani ana adabu zake, lakini tuliuona uso wake. Yeye alikuwa amemwona mwalimu wake miaka mitatu, na mzee wetu hakuwa amemwona hata siku moja. Sisi nasi tuliokuwepo tulinyamaza, na tangu siku hiyo ukimya ule umetusumbua. Vijana wetu hawaanzi kuiacha dini kwa sababu tu ya hoja za wanaoipinga. Wakati mwingine huanza kwa sababu wametuuliza sisi jambo la haki nasi tukawajibu ovyo.

Swali lenyewe ni la kale, na wanazuoni wa Kiislamu walilijadili kwa karne nyingi. Lakini kabla ya kuwafikia wanazuoni, tunapenda kumrudisha msomaji Makka, katika siku za ujana wa Mtume (S.A.W.), wakati wahyi haujashuka.

Wanahistoria wa Sira wanasimulia kwamba mfanyabiashara mmoja kutoka Yemen aliingia Makka na bidhaa zake. Zikanunuliwa na Al-Aas bin Wail, mtu mkubwa katika ukoo wa Bani Sahm. Al-Aas akachukua mali na akakataa kulipa. Mgeni yule hakuwa na jamaa wala kabila la kumtetea mjini. Akaziendea koo zilizokuwa na mapatano na Bani Sahm, nazo zikamfukuza kwa maneno makali, kwani nani angegombana na Al-Aas kwa ajili ya mpita njia? Basi akapanda jabali la Abu Qubais wakati jua linachomoza, Maquraishi wakiwa wamekaa pembezoni mwa Al-Kaaba, akapaza sauti yake na kuwaeleza dhuluma aliyofanyiwa katika mji mtukufu.

Aliyeinuka kwanza alikuwa Zubair bin Abdul-Muttalib, ami yake Mtume (S.A.W.). Wakakusanyika watu wa Bani Hashim, Bani Muttalib, Asad, Zuhra na Taim katika nyumba ya Abdullah bin Jud'an, naye akawaandalia chakula. Hapo wakaapa kuwa mkono mmoja pamoja na kila aliyedhulumiwa ndani ya Makka, awe mwenyeji au mgeni, mpaka arudishiwe haki yake. Kisha wakamwendea Al-Aas, wakaichukua mali na kumkabidhi mwenyewe. Mapatano hayo ndiyo yanayoitwa Hilful-Fudhul. Mtume (S.A.W.) alikuwa kijana wa takriban miaka ishirini, naye alihudhuria. Miaka mingi baadaye, akiwa tayari ni Mtume, alisema kwamba hakupenda kukikosa kikao kile hata angepewa ngamia wekundu, na kwamba lau angeitwa katika Uislamu kwa jambo kama lile angeitika.

Tuzingatie hapo. Waliokaa katika nyumba ile walikuwa washirikina, na hapakuwa na aya iliyowaamrisha wala kadhi aliyewahukumu. Hata hivyo walijua kwamba kilichotendwa ni dhuluma, na Mtume (S.A.W.) hakusema baadaye kwamba ujuzi wao ulikuwa batili kwa kuwa haukutokana na wahyi. Aliuthamini, na akajihesabu kuwa bado amefungwa nao.

Mfano mwingine ulio wazi zaidi tunaupata kwa Mama yetu Khadija (R.A.). Mtume (S.A.W.) aliporejea kutoka pango la Hira akitetemeka, akiihofia nafsi yake, bibi huyu alimtuliza kwa hoja. Alimkumbusha kwamba yeye huunga ukoo, huwabebea watu mizigo yao, humkirimu mgeni na kuwasaidia waliofikwa na misiba, na kwa hiyo Mwenyezi Mungu hatamhizi kabisa. Hadithi hii imo katika Sahihi ya Bukhari na kila mtoto wa madrasa huisikia, lakini ni wachache wanaoipima hoja iliyomo ndani yake. Khadija hakuwa na Qur'ani mkononi. Aliyajua mambo haya kuwa ni mema, na kutokana na ujuzi huo akapata yakini juu ya namna Mwenyezi Mungu atakavyomtendea mumewe. Ujuzi wa wema ulitangulia, nao ndio uliomwongoza katika kuupokea wahyi.

Qur'ani yenyewe katika Surat Ash-Shams inatufahamisha kwamba nafsi ya mwanadamu, tangu ilipotengenezwa, imetiwa ilhamu ya kuujua uovu wake na uchamungu wake. Na Wabisa bin Ma'bad (R.A.) alipokwenda kuuliza habari ya wema, Mtume (S.A.W.) alimwelekeza auulize moyo wake. Tunachokipata hapa ni kwamba mwalimu wa yule kijana hakuuiba wema wake mahali. Ni mwanadamu, na fitra aliyoumbwa nayo haiondoki kwa sababu tu mwenyewe hamtambui aliyeitia. Mzee wetu alikosea, Mwenyezi Mungu amsamehe na atusamehe sisi tulionyamaza.

Lakini swali halijakwisha. Kuujua wema ni jambo moja, na kujua wema huo umesimama juu ya nini ni jambo jingine. Mtu anaweza kunywa maji ya mto maisha yake yote asiijue chemchemi yake.

Hapa ndipo wanazuoni walipohitilafiana. Muutazila wa Basra na Baghdad walishikilia kwamba wema na ubaya ni sifa zilizomo ndani ya vitendo vyenyewe, na kwamba akili inaweza kuzitambua kabla ya sheria. Sheria huja kuthibitisha na kueleza yale ambayo akili haiyafikii. Imam Abul-Hasan Al-Ash'ari, aliyefariki mwaka 324 Hijria, alilelewa katika madhehebu hiyo na mwalimu wake Al-Jubbai, kisha akaiacha. Yeye na wafuasi wake waliona kwamba kusema hivyo ni kama kumwekea Mwenyezi Mungu sheria juu Yake, ili viumbe wamhukumu kwa akili zao. Wakasema kwamba wema, kwa maana ya jambo lenye kustahiki thawabu, na ubaya, kwa maana ya jambo lenye kustahiki adhabu, haujulikani ila kwa sheria. Huko Samarkand, Imam Abu Mansur Al-Maturidi, aliyefariki mwaka 333 Hijria, alipita kati: akili hutambua wema na ubaya wa mambo mengi, ila mwenye kuamrisha na kuwajibisha ni Mwenyezi Mungu peke Yake. Wengi wa walimu wetu wa mwambao, waliosoma kwa mashekhe wa Hadhramaut, walirithi njia ya Ash'ari, na pengine ndiyo sababu baadhi yetu hustuka tukisikia kwamba akili ina neno katika jambo hili.

Wasiostuka wakasome alivyoandika Imam Ghazali, naye ni Ash'ari. Analeta mfano wa mtu anayemwona mwenziwe yu karibu kuangamia, naye akamwokoa, ilhali hana dini ya kumtia tamaa ya thawabu wala hatarajii shukrani. Ghazali hakatai kwamba mtu wa namna hiyo yupo, na wala hasemi kwamba anajionyesha. Anaeleza kwamba binadamu huingiwa na huruma kwa mwenziwe, akajiona yeye ndiye aliye katika balaa ile. Maelezo hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 900 iliyopita, na wanaochunguza tabia za wanadamu leo wanasema mambo yasiyo mbali nayo.

Kuna mtego katika mjadala huu ambao vijana wetu huletewa vyuoni kana kwamba ni kitu kipya. Umetoka katika kitabu cha Plato, Mgiriki wa kale, ambamo Socrates anakutana na mtu aitwaye Euthyphro anayekwenda kumshitaki baba yake mwenyewe kwa kuua. Socrates anamtaka aeleze: je, miungu inalipenda jambo jema kwa sababu ni jema, au limekuwa jema kwa sababu miungu imelipenda? Ukichagua la kwanza, wema utakuwa umesimama bila ya kumtegemea Mungu. Ukichagua la pili, utaambiwa kwamba basi Mungu angeamrisha watoto wachomwe moto, kuwachoma kungekuwa wema.

Msomaji atazame jinsi Qur'ani inavyolikabili jambo hili katika Surat Al-A'raf, aya ya 28. Washirikina walikuwa wakifanya machafu, na wafasiri wanataja kutufu Al-Kaaba wakiwa uchi, kisha wakajitetea kwamba wamewakuta wazee wao wakifanya hivyo na kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyewaamrisha. Wakajibiwa kwamba Mwenyezi Mungu haamrishi machafu. Ibnul-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 Hijria, alilifafanua jibu hilo kwa umakini mkubwa. Lau neno machafu lisingekuwa na maana nyingine ila "kile alichokikataza Mungu", aya ingekuwa inasema kwamba Mungu haamrishi asichokiamrisha, na maneno hayo yasingekuwa hoja juu ya mtu yeyote. Machafu, basi, ni machafu kweli, na kwa ajili hiyo hayawezi kutoka Kwake.

Je, hiyo ina maana kwamba kuna sheria iliyo juu ya Mwenyezi Mungu? La hasha. Katika Hadithi Qudsi aliyoipokea Abu Dharr (R.A.), iliyomo katika Sahihi ya Muslim, Mwenyezi Mungu anawaambia waja Wake kwamba amejiharamishia dhuluma Yeye mwenyewe, kisha akaifanya haramu baina yao. Na katika Surat Al-An'am tunaambiwa kwamba amejilazimisha rehema. Hakulazimishwa na yeyote. Uadilifu na rehema ni sifa Zake. Hakuvipata kutoka nje wala havikuanza siku alipoamrisha. Mtego wa Mgiriki unawanasa wanaoiabudu miungu yenye tabia kama za wafalme wa dunia, leo inapenda hili kesho inachukia. Amri ya Mwenye hekima hutoka katika hekima Yake. Kwa sababu hiyo, mtu anayelipua soko lililojaa wapita njia na kudai kwamba Mungu kamtuma, amerudia udhuru ule ule wa washirikina, na jibu lake limo katika aya ile ile.

Sasa turejee kwa Al-Aas bin Wail, kwani habari yake haikuishia Abu Qubais.

Miaka ilipita, Mtume (S.A.W.) akapewa utume, na miongoni mwa waliosilimu mapema alikuwa Khabbab bin Al-Aratt (R.A.), mhunzi wa Makka. Khabbab alimfanyia kazi Al-Aas, akawa anamdai. Alipokwenda kudai ujira wake, Al-Aas alimwambia hatamlipa mpaka amkanushe Muhammad. Khabbab akajibu kwamba hatafanya hivyo hata Al-Aas afe kisha afufuliwe. Al-Aas akafanya mzaha: kama kweli nitafufuliwa, basi huko nitapewa mali na watoto, nami nitakulipa huko huko! Ndipo zikateremka aya za Surat Maryam, kuanzia ya 77. Na wako wafasiri waliosema kwamba Surat Al-Ma'un nayo, inayomtaja mkanushaji wa malipo anayemsukuma yatima, iliteremka juu ya mtu huyu.

Mtu ni yule yule, na kosa ni lile lile la kuzuia haki ya asiye na nguvu. Tofauti ni kwamba mara ya kwanza walikuwepo watu wa Hilful-Fudhul. Mara ya pili mdai alikuwa mhunzi mnyonge, na wakubwa wa Makka walikuwa upande wa mdaiwa. Tuulize kwa makini: je, deni la Khabbab lilikuwa pungufu kuliko la yule mfanyabiashara wa Yemen? Kama haki ni mapatano ya watu tu, basi jibu ni ndiyo, kwa kuwa mara hii watu hawakupatana kumtetea. Lakini hakuna mwenye akili timamu atakayekubali hivyo. Deni lilikuwa deni, mji mzima ukubali au ukatae.

Hilo ndilo jambo gumu kwa anayesema kwamba hakuna Mungu. Na baadhi yao wamelikiri kwa uaminifu ambao sisi tunauheshimu. J. L. Mackie, mwanafalsafa mzaliwa wa Australia aliyesomesha Oxford, hakumwamini Mungu. Mwaka 1977 alitoa kitabu akidai kwamba maadili yamebuniwa na wanadamu. Alisema kwamba lau kungekuwepo wema na ubaya unaosimama wenyewe, ukimlazimisha kila mtu apende asipende, kingekuwa kitu cha ajabu kisichofanana na chochote kingine ulimwenguni. Na katika kitabu kilichotoka mwaka 1982, baada ya kufa kwake, alikubali kwamba lau vitu vya ajabu hivyo vingekuwepo kweli, ingekuwa vigumu kueleza vimetokeaje bila ya Mungu. Yeye alichagua kusema havipo. Sisi tunaosema kwamba Khabbab alidhulumiwa kweli kweli hatuwezi kumfuata.

Wenzake wengine wasioamini hawakuridhika na jibu hilo. Wao wanasema kwamba ukweli wa maadili ni kama ukweli wa hesabu: mbili na mbili ni nne, na hakuna aliyeamrisha iwe hivyo. Hoja hii si ya kuchezewa, na kijana atakayekutana nayo asidhani kwamba ataivunja kwa kelele. Hata hivyo tunaiona na upungufu. Hesabu inaweza kumwambia Al-Aas ni dirhamu ngapi anazodaiwa; haina uwezo wa kumtaka alipe, wala haimwoni anapogeuza uso. Deni lina mdai na mdaiwa, na mdai akiwa mnyonge, mtu wa kawaida husema, "Namwachia Mungu." Tunayasikia maneno hayo mahakamani, sokoni na misibani. Anayeyasema hasemi kwamba haki yake imekwisha. Anasema ipo, na iko mahali ambapo mdaiwa hawezi kuifikia ili aifute.

Tuchukue na yule mtoto wa kike aliyezikwa hai, anayetajwa katika Surat At-Takwir. Aliyemzika ni baba yake, na waliokuwa na mila hiyo hawakumlaumu mzazi. Mtoto hakujua hata kusema, na mchanga ulifunika kila kitu. Hapakuwa na Hilful-Fudhul ya kumsikia. Qur'ani inasema kwamba yeye ndiye atakayeulizwa ni kwa dhambi gani aliuawa. Mashitaka yanaanza kwake, na mzazi aliyedhani kwamba jambo limekwisha atasimama kusikiliza.

Wala tusisahau kwamba Al-Aas hakuwa mtu asiyeamini kuwepo kwa Mungu. Washirikina wa Makka walikiri kwamba Mwenyezi Mungu ndiye aliyeumba mbingu na ardhi. Alichokikanusha Al-Aas ni kufufuliwa na kuhesabiwa. Hivyo basi, mtu anayemtaja Mungu asubuhi na jioni huku akimzungusha kibarua wake kwa mshahara wa miezi mitatu, yuko karibu zaidi na Al-Aas kuliko yule mwalimu wa chuo kikuu aliyelipa ada ya mtoto wa watu. Tunayasema haya tukijihofia wenyewe.

Kwa wazazi tuna neno moja fupi. Mtoto anapouliza kwa nini kusema uongo ni vibaya, tusiishie kumwambia "Mungu amekataza" kana kwamba Mungu amekataza bila ya sababu. Tumwonyeshe mtu aliyedanganywa na jinsi alivyoumia, kisha tumwambie kwamba Mola aliyemwumba mtu huyo hapendi aumizwe. Mtoto aliyefundishwa hivyo hatatikisika siku atakapomkuta asiyeamini aliye mkweli.

Tulimtafuta yule kijana, tukamweleza haya kwa kadiri ya uwezo wetu. Alisikiliza, kisha akauliza lililokuwa moyoni mwake tangu mwanzo: je, wema wa mwalimu wake utamfaa Akhera?

Tulimpa hadithi mbili, zote zimo katika Sahihi ya Muslim. Mama Aisha (R.A.) aliuliza habari za Abdullah bin Jud'an, mtu wa ukoo wake wa Taim na ndiye mwenye nyumba ile ya Hilful-Fudhul: alikuwa akiunga ukoo na kuwalisha maskini, je, yatamfaa? Mtume (S.A.W.) akajibu kwamba hayatamfaa, kwani hakuwahi hata siku moja kumwomba Mola wake amsamehe makosa yake Siku ya Malipo. Na Hakim bin Hizam (R.A.), mtoto wa ndugu yake Khadija, aliuliza juu ya watumwa aliowaacha huru na sadaka alizozitoa zama za jahiliya. Yeye akaambiwa kwamba amesilimu pamoja na kheri zote alizozitanguliza.

Kijana akataka kujua mwalimu wake ni yupi katika hao wawili. Tukamwambia kwamba Ibn Jud'an alikufa kabla ya kusema neno lile, na Hakim aliishi mpaka mwaka wa kufunguliwa Makka. Mwalimu wake bado yu hai, anafundisha Jumatatu na Jumatano.